Apariteri Aliyeshona Dosie

Angekuwa mwizi, ningekuwa nimemsamehe zamani. Wezi wa ofisini tunawajua na tumezoeana nao: anakula kidogo chako, anakupigia muhuri, mnaachana mkicheka, kesho mnasalimiana sokoni. Mkono mtupu haulambwi, basi unaupaka kitu na mambo yanaendelea. Yeye hakulamba mkono wa mtu. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikaa kwenye dirisha la maandikisho la chuo kikuu cha serikali hapa Kisangani, akipokea dosie, yaani mafaili ya maombi, za vijana wanaotaka kuingia mwaka wa kwanza, na hakuna mzazi anayeweza kusimama leo aseme alimpa kitu akakipokea. Mji mzima unamsifu kwa hilo. Mimi sifa hizo zinanichoma, na nitaeleza kwa nini.

Jina lake sitalitaja. Sisi tulimwita kwa kazi yake tu: Apariteri, yaani ofisa anayeandikisha wanafunzi na kutunza majina yao. Kibanda changu cha fotokopi kiko ng'ambo ya barabara, mbele ya geti la chuo, na yeye alipita kwangu kila asubuhi kabla ya saa mbili, ameketi nyuma ya toleka, zile baiskeli zetu za abiria, mwavuli umelazwa mapajani. Pikipiki hakupanda. Alisema upepo wa pikipiki unatawanya karatasi, hata siku ambazo hakubeba karatasi yoyote. Hakusema "mbote" wala "jambo" kama watu wengine. Alisimama mbele ya meza yangu, akawatazama vijana waliokuwa wanangoja mashine, akauliza:

"Complet?"

Yaani, karatasi zako zimetimia? Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Kijana mgeni akijibu ndiyo, Apariteri alinyoosha mkono, akachukua farde yake, lile jalada la karatasi ngumu ambalo kila mwombaji lazima awe nalo, akaanza kuisoma kutoka nyuma kwenda mbele. Alisema watu wanaficha kasoro mwishoni, maana wanajua msomaji atachoka.

Mtu asiyejua mambo yetu anaweza kudhani kuingia chuo kikuu ni kufaulu mtihani wa serikali. Kufaulu ni mwanzo wa mateso. Unatakiwa barua kwa Rekta, mkuu wa chuo, imeandikwa kwa mkono, bila kufutwa neno hata moja. Unatakiwa diploma ya serikali, au ile hati ya muda ya kuthibitisha kwamba umefaulu. Unatakiwa ripoti za shule za mwaka wa tano na wa sita, zenye muhuri wa shule. Cheti cha kuzaliwa. Cheti cha daktari kinachosema mwili wako unaweza kusoma, kinachotolewa na daktari ambaye hakuinua kichwa kukutazama. Cheti cha maisha na mwenendo mwema, bonne vie kwa midomo ya watu, kinachotolewa katika ofisi ya komuni, serikali ya mtaa, na mtu ambaye hajawahi kukuona maishani mwake, na ambacho kikipita miezi mitatu kinakufa, kana kwamba baada ya miezi mitatu umekuwa jambazi. Picha za paspoti, masikio yote mawili yaonekane. Kila moja ya hizo, nakala zake, na kila nakala ilipita kwenye mashine yangu. Nasema hivyo mapema ili msidhani mimi ni malaika. Ugumu wa Apariteri ulinilisha. Watoto wangu walikula fotokopi.

Halafu kulikuwa na uzi. Huo haukuandikwa kwenye tangazo lolote, ulikuwa sheria yake mwenyewe. Dosie haikupigwa pini. Ilishonwa. Pini, alisema, zinaota kutu katika unyevu wa mji huu, na kutu inakula karatasi, na karatasi ikiliwa mtoto wa mtu anapoteza uthibitisho kwamba aliwahi kusoma. Kwa hiyo ulitoboa matundu matatu pembeni, ukapitisha sindano na uzi mweusi, ukafunga fundo kwa nyuma. Akipokea dosie aliishika kwa ncha moja, akaitikisa mara tatu nje ya dirisha. Karatasi ikianguka, umeanguka nayo. Nimewahi kuona watu wazima, wababa wenye mvi, wameketi kwenye ngazi za maandikisho wanashona kama wanawali wanaotayarisha vitambaa vya arusi. Tulicheka sana. Lakini nenda leo katika chumba chao cha kumbukumbu: dosie za wakati wake zote ziko nzima, na za kabla yake ni vumbi jekundu lenye majina nusu.

Ndiyo maana kumchukia kulikuwa kazi ngumu. Kila ulipofika mahali pa kumchukia, ulikuta ametangulia kufanya jambo la kukuvunja nguvu.

Kwa mfano ile shati. Vijana wanaotoka mbali, wale waliokuja kwa pirogi, mitumbwi yetu, kutoka Isangi au kwa baiskeli kutoka ndani ya msitu, walifika na fulana za kisiasa zilizogawiwa wakati wa kampeni. Picha ya paspoti ukiwa umevaa uso wa mbunge kifuani haipokelewi. Apariteri alileta shati yake moja nyeupe, yenye kola ngumu, akaitundika kwenye msumari kibandani kwangu. Kila Jumamosi mke wake aliichukua kuifua. Vijana waliivaa, mpiga picha akawapiga, wakaivua jasho likiwa bado la moto na mwingine akaingia. Wasichana pia. Wako wahandisi, wanasheria, na daktari mmoja ninayemjua, wote picha zao za mwaka wa kwanza zimepigwa ndani ya shati hiyo hiyo. Hakumwomba mtu shukrani. Ukimshukuru alikuuliza kama cheti chako cha daktari kina tarehe.

Na Jumapili mchana, baada ya misa, aliketi kwenye benchi langu akawafundisha kuandika barua. Bure. Msichana wa Yanonge aliandika mara tisa siku moja, nilihesabu mimi, maana nilikuwa ninamwonea huruma. Mara ya tisa akaanza kulia juu ya karatasi.

"Usilie mule, mutoto," Apariteri alimwambia. "Machozi inafuta wino. Lia pembeni, kisha urudi."

Aliporudi akampa karatasi mpya kutoka mfuko wake mwenyewe. Huo ndio ulikuwa upole wake, na sijui mwingine.

Kuna habari ya baba mmoja mvuvi aliyemletea kapu la samaki wa kukausha, kubwa, samaki wa maana. Hakuja kuomba jambo baya. Mwanawe alikuwa na kila kitu, mzee alitaka tu kusema asante kabla, kama tunavyofanya sisi watu wenye adabu. Apariteri alifunga dirisha, akapanda toleka na kapu mapajani, akaenda nalo mpaka bandarini Makiso, akatafuta pirogi ya yule mzee kati ya pirogi zote, akaliweka ndani. Alirudi ananuka samaki mpaka jioni. Yule mvuvi aliketi kibandani kwangu, uso umemshuka.

"Mama Copie," aliniambia, "huyu mutu anaona mie niko mubaya?"

Nilimwambia hapana, ndivyo alivyo. Lakini moyoni nilijiuliza: huyu aliyekimbia na kapu la samaki wa maskini mpaka bandarini, mbona dosie za wakubwa hajakimbia nazo popote?

Maana zilikuwepo. Hapo sasa ndipo hasira yangu inapokaa.

Kila mwaka, dirisha likishafungwa, zilifika dosie za juu. Zililetwa na dereva, au na kijana wa ofisini mwenye viatu vinavyong'aa, farde mbili, tatu, wakati mwingine bahasha tupu yenye kijikaratasi cha jina na neno moja tu la kuagiza. Hakuna ripoti za shule. Hakuna cheti cha mwenendo mwema, na wengine wao mwenendo wao mjini tuliujua. Hakuna uzi. Nilijua kwa sababu baadhi yao walipita kwangu kutafuta farde dakika ya mwisho. Apariteri alizipokea kwa mlango wa nyuma. Hakuzitikisa. Alifunga mlango saa ya chakula cha mchana, akaziandika zote peke yake, akafungua tena saa nane, akaendelea kuwarudisha watoto wa wavuvi.

Nilimwuliza mara moja, uso kwa uso. Tulikuwa wawili tu kibandani, mvua inapiga mabati.

"Papa Apariteri, zile dosie za bakubwa, weye unazisomaka kutoka nyuma?"

Alikung'uta maji ya mvua kwenye mwavuli wake. Halafu akasema: "Mama Copie, mie nachunga dirisha. Mulango haiko yangu."

Nilitamani kumpiga na boksi la karatasi. Nachunga dirisha! Kufuli nzuri kabisa, ya chuma, kwenye nyumba isiyo na ukuta wa nyuma. Na kila mtu anapita mbele ya nyumba hiyo anaisifu kufuli.

Alikuwa na misemo. Vijana waliiandika ukutani, kwa makaa. "Karatasi haina ndugu." "Ikikosa moja, inakosa yote." "Tarehe haingojeaki mutu." Wengine walisema ni hekima. Mimi naona ni misemo ya mtu aliyeamua kutokuona, akahitaji maneno ya kujifunikia. Karatasi haina ndugu, sawa. Lakini dereva mwenye viatu vinavyong'aa alikuwa ndugu ya nani?

Watu huniambia, mama, hasira hasara. Hasara nimeshaipata, acheni nibaki na hasira.

Jambo lililonishinda kabisa ni la mwanawe mwenyewe. Kijana mpole, alitaka kusoma udaktari. Dosie yake baba aliishona kwa mkono wake, na naapa hakujawahi kuwa na dosie nzuri kama ile. Aliitikisa mwenyewe nje ya dirisha, watu wakipiga makofi. Orodha ya waliokubaliwa ilipobandikwa, jina la kijana halikuwemo. Nafasi zilikuwa zimejaa, na sisi sote tulijua zimejaa nini. Nilimwona Apariteri akisimama mbele ya ubao ule, akaisoma orodha kutoka chini kwenda juu, jina kwa jina, mpaka mwanzo. Akakunja mwavuli wake. Akaingia ndani, akafungua dirisha saa mbili kamili.

Hakugomba. Hakuandika barua. Hakumwambia hata mke wake. Aliyemwambia ni mimi, alipokuja Jumamosi kuchukua shati. Mama wa watu alikaa chini palepale kwenye vumbi. Kijana alienda kuchimba dhahabu huko kwenye machimbo, na bado yuko huko. Mtu akiumizwa asipige kelele, ni mvumilivu, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nasema mtu akiumizwa hivyo akanyamaza, amewapa ruhusa wamwumize na mwingine. Na mwingine huyo alikuwa mdogo wangu.

Baba yetu alikuwa mtu wa Maniema, mfanyakazi wa serikali aliyehamishiwa Yahuma akazeekea huko. Mimi niliolewa nikaja mjini. Mdogo wangu wa mwisho, msichana, alibaki na mama, akasoma huko huko, na akawa na akili ambayo sisi wengine hatukupewa. Mwaka alioingia darasa la mwisho, mihogo ya mama ilioza ardhini, shamba zima, na shamba la jirani, na la jirani wa jirani. Mdogo wangu alichimba mizizi ile akaikata vipande, akaitazama kwa wiki nzima. Akaniambia kwa simu, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, nataka kusoma kilimo. Nataka kujua inaoza juu ya nini." Hakutaka kitu kingine chochote, na sijamsikia akitaka kitu kingine tangu hapo.

Alifaulu mtihani wa serikali. Nilimtumia orodha yote ya karatasi, hata uzi nilimtumia. Ilibaki muhuri wa shule kwenye ripoti. Sasa, kule ndani, muhuri wa shule haukai shuleni. Mkuu wa shule, prefe, anatembea nao mfukoni, maana akiuacha ofisini watu wataupiga kwenye kila kitu. Na prefe alikuwa amekwenda Isangi kwenye kilio cha shemeji yake. Mdogo wangu alimngoja siku sita. Aliporudi, akampigia muhuri, msichana akapanda baiskeli mpaka mtoni, akapata baleinière, ile mashua kubwa ya mbao yenye mota, nayo ikaharibika mota karibu na Yanonge. Dirisha lilifungwa Ijumaa. Yeye alifika Jumatatu, asubuhi, miguu imevimba, farde imefungwa kwa nailoni tatu ili isilowe.

Nilimpeleka mimi mwenyewe. Apariteri alikuwa ndani, dirisha limefungwa, akalifungua kidogo aliposikia sauti yangu. Alichukua dosie. Aliisoma yote, kutoka nyuma. Aliitikisa mara tatu.

"Iko complet," alisema. "Iko muzuri sana. Lakini tarehe inapita."

"Papa, mota ya baleinière iliharibika. Ni siku tatu tu. Na hapo katikati kulikuwa Jumapili!"

"Nasikia, Mama Copie."

"Minakupigia magoti."

"Simama, mama. Utachafuka."

Nilipiga magoti kweli, kwenye simenti, mbele ya watu. Mdogo wangu alinivuta mkono, anaona haya. Na tulipokuwa bado pale, dereva alipita nyuma yetu na farde tatu mkononi, akaingia kwa mlango wa nyuma, akatoka hana kitu. Siku hiyo hiyo. Jumatatu hiyo hiyo. Apariteri aliona kwamba nimeona. Akafunga dirisha polepole, asitubane vidole.

Mwaka uliofuata alirudi, safari hii mapema, wiki mbili kabla. Wakati huo hati yake ya muda ilikuwa haipokelewi tena. Kwa mtu aliyemaliza mwaka uliopita, walitaka diploma yenyewe. Na diploma serikali ilikuwa haijaichapa. Eleweni jambo hili vizuri: serikali inadai karatasi, na karatasi hiyo hakuna duniani anayeweza kuitoa isipokuwa serikali hiyo hiyo, na haijaitoa, na kosa ni la mtoto. Nilipiga kelele mbele ya dirisha mpaka walinzi wakaja. Apariteri alisikiliza mpaka mwisho.

"Unasema kweli," alinijibu. "Lakini mie siwezi kuandika kweli ndani ya registre. Naandikaka karatasi."

Mdogo wangu alirudi Yahuma. Akafundisha shule ya msingi, kati ya wale walimu wapya ambao serikali inawaandika lakini haiwalipi, wanaishi kwa michango ya wazazi, kikombe cha mchele hapa, ndizi pale. Kila mwaka, msimu wa maandikisho ukifika, alinipigia simu kuuliza kama diploma za mwaka wao zimefika mjini. Hazijafika, nilimjibu. Akaacha kuuliza kama zimefika, akawa ananiuliza habari za watoto, na mimi nilijua anauliza nini. Na Apariteri alikuwa hapo, kila asubuhi mbele ya meza yangu, anauliza watoto wa wengine kama wako complet. Nilimuuzia karatasi. Nilimsalimu. Dua la kuku halimpati mwewe, lakini kuku haachi kuomba.

Mwaka jana walimstaafisha, kwa tangazo lililobandikwa pale pale penye orodha. Hakupewa sherehe. Aliendelea kuja kwa toleka, amevaa abakosti yake ya kijivu, lile koti la kufungwa mpaka shingoni, akaketi kwenye benchi langu akawashonea vijana dosie. Kiti chake dirishani kilichukuliwa na kijana aliyekuwa msaidizi wake, mtu mchangamfu, anayependa watu, na watu wanampenda kwa namna ile ya zamani.

Diploma ya mdogo wangu ilifika mwaka huu. Miaka saba. Nilipoipata mkononi, niliivusha moja kwa moja mpaka kwenye benchi, nikaiweka kwenye mapaja ya mzee yule. Nilitaka imchome.

Aliisoma muda mrefu. Muhuri, sahihi, namba. Akaipangusa na mkono wa abakosti ingawa haikuwa na vumbi.

"Aitwe," alisema. "Umri haiko ndani ya conditions. Nilizisoma miaka yote: hapana mahali wanaandika umri. Aitwe, nitashona mie mwenyewe."

Mdogo wangu alifika siku ya mwisho kabisa. Safari hii mota haikuharibika. Alikuwa amengoja shule impe ruhusa. Alikuja na karatasi zake zote kutoka Yahuma. Apariteri alizipokea, akazisogeza karibu na uso, akazisoma, akazishona. Alichukua nusu saa kutunga uzi, na sikumsaidia. Kisha akasema twende wote.

Saa ilikuwa imepita nane. Tulisimama kwenye foleni kama watu wote, sisi watatu, na nyuma yetu msichana mmoja aliyevaa kanga ya kanisani, farde kifuani. Tulipofika, kijana wa dirishani aliinuka kwenye kiti, akamwita mzee kwa Kifaransa.

"Oh, Vieux! Karibu, Vieux! Hii ni ya nani, ya mutoto yako?"

"Ni ya huyu mama," alisema Apariteri. "Angalia vizuri."

Kijana alifunua farde. Alifunua kutoka nyuma, kama alivyofundishwa. Karatasi ya pili akasimama. Akaitazama tarehe, akamtazama Apariteri, akacheka kidogo, kwa aibu.

"Vieux, hii attestation ya bonne vie inapita miezi tatu. Ilipita juzi."

Sijawahi kuuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Yeye, aliyesoma dosie za wilaya nzima, alikuwa ameisoma hii na macho yake ya sasa, akaishona na kosa ndani.

"Mais, bon, hakuna shida," kijana akaharakisha kusema. "Juu ya weye, Vieux, tunapitisha. Nani atasema kitu?"

Na akainua muhuri.

"Nirudishie," alisema Apariteri.

"Vieux?"

"Nirudishie dosie."

Akapitisha mkono dirishani, akaivuta farde, akaikumbatia. Ofisi ya komuni ilikuwa imeshafunga. Leo ilikuwa siku ya mwisho.

"Papa!" nilipiga kelele. "Leo! Leo tena? Kosa ni ya nani, ni yake ao ni yako? Weye ulisoma! Weye ulishona! Ile ya bakubwa ulipitisha miaka yote, ya huyu mumoja itakuua?"

Alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa anatazama chini, ameishika farde kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Watu wa foleni walinyoosha shingo. Nilikuwa tayari kumnyang'anya, mbele ya Mungu, ingawa ni mzee wa kumheshimu.

Mdogo wangu alinitangulia. Huyu mtu hasemi sana. Alimsogelea, akamshika vidole, akavifungua kimoja kimoja, bila nguvu, kama unavyomtoa mtoto aliyelala kwenye nguo yako. Akaichukua farde. Akaiweka ndani ya dirisha.

"Papa, merci ya kushona," alimwambia. Kisha akamgeukia kijana: "Uniandike."

Muhuri ulipiga. Kijana akaandika namba, akampa karatasi ya kupokelewa. Apariteri alibaki amesimama, mikono mitupu imening'inia. Nilikuwa nimengoja miaka saba kumwona ameinama, na sasa ameinama, na haikuwa tamu hata kidogo.

"Sasa na mie niko mukubwa," alisema polepole. Sijui alikuwa anamwambia nani.

Tulipokuwa tunatoka kwenye mstari, yule msichana mwenye kanga akasogea dirishani. Kijana alifunua farde yake, akakuta kitu, akaifunga akamrudishia.

"Cheti yako ya bonne vie inapita. Uende utafute ingine, urudi mwaka ijayo."

Msichana hakulia. Alitugeukia, maana alikuwa nyuma yetu na maneno ya dirishani hakuyasikia, alisikia kelele zangu tu na kuona kwamba sisi tumepita.

"Mama," aliniuliza, "ya kwenu ilikuwa complet?"

Mdogo wangu alikuwa ameishika ile karatasi kwa mikono miwili. Kijana wa dirishani alikuwa ananitazama. Sikufikiri hata kidogo, jibu lilitoka lenyewe.

"Complet," nilimwambia.

Apariteri alinisikia. Alinitazama usoni, akatafuta mwavuli wake, akaenda mpaka getini bila kutuaga. Toka siku hiyo kwangu haji tena.